Miezi saba Asia na begi la matobolwa: mrejesho niliouahidi (uzi mrefu, wana Mwanza karibuni)

Mvuvi wa Nchi Kavu

Wakuu, habari za jioni. Kwenye ule uzi wa pasipoti mwaka jana niliahidi kwamba nikirudi mzima nitaleta mrejesho, na kuna watu humu walinicheka. Nimerudi. Nipo Kirumba, nimekalia gunia la dagaa, mtandao unasuasua, kwa hiyo nitashusha kipande kwa kipande. Mwenye haraka apite tu.

Kwa wasionijua: mimi mtu wa Sengerema, naganga njaa pale Mwaloni, soko la samaki na dagaa. Kabla ya dagaa nilikaa miaka minne kwenye kituo kimoja cha watoto hapa jijini (sikitaji, msinifuate inbox) nikiwa dereva na mkalimani wa wageni wanaokuja kujitolea. Ijumaa naaga, Jumapili napokea. Nawachukua uwanja wa ndege, nawapitisha jiwe la Bismarck wapige picha, kesho yake nawafikisha kituoni. Wiki mbili, wiki tatu, wameondoka. Wengi wao watu wazuri, sina neno nao.

Kila Ijumaa watoto waliimba wimbo wa kuaga. Wimbo ulikuwa uleule, kilichobadilika ni jina la mgeni. Sasa kulikuwa na kabinti kamoja ka miaka minne hivi, kalipenda kukaa siti ya mbele ya hiace. Siku moja nimeshusha dada wa watu, mgeni kabisa, hata begi hajalitua, kabinti kakaniuliza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza chakula kimeiva: "Anko, huyu naye anaondoka lini?"

Sikuwa na jibu. Nikakaambia, "Ingia ndani, mvua inakuja." Mvua yenyewe haikuwepo.

Mtauliza, mtu aliyeulizwa swali hilo anakwendaje naye kujitolea nchi za watu? Tamaa, wakuu, sitawadanganya. Wale vijana ndani ya hiace walikuwa wanasimuliana: huyu katoka Peru, yule anaelekea Nepal, umri miaka 19. Wanataja nchi kama sisi tunavyosema natoka Magu nakwenda Bunda. Nikajiapiza kwamba na mimi kuna siku nitaongea hivyo.

Fundi Yamaha

Siti ya mbele nishakaa. Muuza karanga apite.

Binti Ukerewe

Kaka endelea, ila hapo kwa mtoto umenikata maini.

Kiboko Mpole

Muuza dagaa azunguke Asia miezi saba? Hii chai, tena ya maziwa. Tupia picha ya mihuri.

Mvuvi wa Nchi Kavu

Kiboko, mihuri utaiona ukija Mwaloni, na hutoki bila kununua debe moja. Tuendelee.

Pesa kwanza, maana najua ndiyo mnayoisubiri. Nilitumia shilingi milioni 8 na laki 6, kila kitu humo ndani, toka nimefunga mlango hadi nimeufungua. Ni akiba ya miaka mitano. Milioni 3 kati ya hizo ilitokana na kuuza sehemu yangu ya mashine ya boti, na shemeji hajanisamehe hadi leo. Pasipoti 150,000, unakaa nayo miaka kumi. Chanjo ya homa ya manjano nilichoma mapema kwa sababu kadi yake inaanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano. Ukishachoma umemaliza: toka 2016 inatambulika maisha yako yote, kwa hiyo asitokee mtu wa kaunta kukwambia imeisha muda. Pale Mumbai niliulizwa hiyo kadi kabla ya kuulizwa pasipoti.

Visa ndipo pasipoti yetu inapokufundisha adabu. Mjerumani anafungua ramani, anachagua nchi. Sisi tunafungua ramani, halafu tunafungua orodha, halafu tunaomba Mungu viwili hivyo vikutane. Kwangu vilikutana sehemu tatu: India unaomba visa mtandaoni, Nepal unagongewa muhuri mpakani kwa dola mkononi, Malaysia Mtanzania anaingia bila visa. Ndiyo sababu ya njia yangu. Msidhani nilitafakari sana.

Begi lilikuwa kilo 9. Nguo, sweta la mtumba, na kilo mbili za matobolwa alizonifungia mama. Ofisa wa forodha alitoa moja, akainusa, akaigeuza juu chini, akauliza ni kitu gani. Nikamwambia viazi vitamu, vimechemshwa vikaanikwa juani. Akairudisha kwenye mfuko akafuta vidole.

Fundi Yamaha

Matobolwa yamefika Bombei! Wabeja sana mama mzazi.

Mvuvi wa Nchi Kavu

Niliondoka Dar mwishoni mwa Novemba 2024, ndege yetu ya Air Tanzania inakwenda Mumbai moja kwa moja. Kutoka hapo treni hadi kusini, Tamil Nadu.

Treni za India zinataka uzi wake. Nitasema moja tu: kuna tiketi ambayo si siti wala si kukosa siti. Wanakuuzia nusu ya kitanda cha pembeni, nusu nyingine anauziwa mtu mwingine, mnakaa mmeelekeana, miguu yako ubavuni mwake na yake ubavuni mwako, usiku kucha. Mwenzangu alikuwa mzee muuza vitambaa. Hatukuwa na lugha, ila muuza chai alipopita akiita "chai, chai" tuligeuka wote wawili kwa pamoja. Duka, gari, chapati, rangi, kachumbari, tukawa tunatajiana maneno tunacheka. Alfajiri nikakuta ameniongezea shuka lake.

Sasa kujitolea kwenyewe. Someni masharti ya visa kabla ya kusoma matangazo ya wenyeji. Ile visa ya utalii ya mtandaoni ya India inaruhusu kujitolea kwa muda mfupi, isizidi mwezi mmoja, na pasiwe na malipo wala manufaa ya aina yoyote. Nikakaa siku 28 kwenye mradi wa kupanda miti jirani na Auroville. Huo ni mji ulioanzishwa 1968 kwa wazo la watu wa mataifa yote kuishi pamoja. Ardhi yake ilikuwa nyekundu, imeliwa na mmomonyoko, na leo ukiingia ni msitu. Mvua za kule zinanyesha Oktoba hadi Desemba, kwa hiyo nilikuta kazi imechacha: kuchimba mashimo ya miche na kuinua matuta ya kuzuia maji yasikimbie.

Na ndiyo, unajitolea na chakula unachangia pesa. Watu wengi humu wanadhani ukijitolea unalishwa. Hapana, mkuu. Asubuhi ya kwanza nikapewa bakuli la uji, nikaonja, nikasimama. Ulezi! Wao wanauita ragi. Nikamaliza bakuli mbili. Ila nyama hakuna, samaki hakuna, maziwa hakuna. Mtu wa ziwani siku 28 bila hata kichwa cha furu. Usiku naota sangara.

Sasa kilichonitoa kwenye usingizi. Nilikuwa na kipande changu cha tuta, mita kama sita hivi, najisifia nimelinyoosha. Jioni moja nikarudi kuchukua ndoo niliyosahau. Nikamkuta mama mmoja mtu mzima, kibarua wa kulipwa kwa siku, sari amejifunga kiunoni, anabomoa tuta langu. Anabomoa kwa jembe, analipanga upya, udongo mgumu chini na laini juu, halafu anashindilia kwa kisigino. Mimi nilipanga kinyume, na mvua ya kwanza ingeliondoa lote. Aliponiona hakusema kitu. Alinipa jembe, akanishika kisigino akakigonga chini: hivi.

Siku zote tatu zilizotangulia alikuwa anarudia kazi yangu jioni, baada ya saa zake za kazi. Kujitolea kwangu kulikuwa kumemwongezea zamu.

Toka siku hiyo, kila mahali nilipofika nilikuwa na maswali mawili tu kwa mwenyeji: kabla sijaja nani alikuwa anafanya hii kazi, na nikiondoka nani ataifanya? Akibabaika, nalipa kitanda kama mtalii, naondoka zangu.

mzee_wa_bwiru

Vijana, niwape kidogo ya zamani. Tanganyika na Ghana ndizo nchi za mwanzo kabisa kupokea vijana wa kujitolea wa Peace Corps wa Marekani, mwaka 1961. Kwetu walikuja wapima ardhi na wahandisi wa barabara, kazi ambayo watu wetu waliosomea walikuwa wa kuhesabika. Baadaye wakaja walimu. Mimi nilifundishwa hesabu na mmoja wao, alikaa miaka miwili, hadi matusi ya Kisukuma akawa anayajua na anayatumia mahali pake. Mwaka 1969 wakaondoka nchini, wakarudi baada ya miaka kumi. Nikisoma habari za wiki mbili najiuliza huyo mtu anamaliza lini kuharisha ndipo aanze kazi.

Mvuvi wa Nchi Kavu

Shikamoo mzee. Hapo kwa kuharisha umesema kweli tupu. India mimi siku tano zilikwenda hivyohivyo.

Dada wa Nyegezi

Mzee shikamoo. Kaka, hongera kwa mrejesho. Niongeze njia nyingine kwa wadogo zetu wasio na milioni nane.

Mwanza ni mji dada na Würzburg wa Ujerumani tangu 1966. Huo uhusiano si wa kupeana bendera tu, vijana wanakwenda na kuja. Halafu serikali ya Ujerumani ina mpango unaitwa weltwärts. Zamani ulikuwa unaleta Wajerumani tu huku, lakini toka 2013 ukafunguliwa na upande wa sisi kwenda kule. Umri miaka 18 hadi 28. Nauli, malazi, bima na posho ya mfukoni vinalipwa, na kazi unafanya mwaka mzima kihalali, visa yako inasema wazi umekuja kujitolea. Unapitia shirika la hapa lenye ushirika na shirika la kule. Ukiona mtu anataka umlipe milioni mbili "akuunganishe", kimbia.

Mimi nilipangiwa nyumba ya wazee, Bavaria. Wiki ya kwanza nikapewa karatasi ya kutenganisha taka ndefu kuliko mkataba wangu, na nikasemwa na jirani kwa kutupa chupa kwenye pipa siku ya Jumapili, maana zinapiga kelele. Sawa, nikazoea. Lakini kuna mzee mmoja wa chumba cha mwisho alikuwa anabonyeza kengele kila nusu saa. Naenda mbio, namkuta hana shida. Anataka nikae. Basi. Nikawa nakaa dakika mbili, msimamizi ananitafuta kwenye korido, maana asubuhi kila chumba kina dakika zake. Nikajifunza kumchana nywele polepole, kwa sababu kuchana nywele kulikuwa kwenye orodha ya kazi na kukaa hakukuwemo.

Binti Ukerewe

Dada wa Nyegezi, nimesoma hapo mara tatu.

Swali kwa mleta uzi: mwanamke peke yake anaweza hiyo njia yako ya India na Nepal?

Mvuvi wa Nchi Kavu

Binti, nikikujibu nitakuwa namsemea mtu mwingine. Niliona mabinti wengi wakisafiri peke yao, na niliona pia walivyokuwa wanatumia akili ambayo mimi sikuhitaji: kufika mji mgeni mchana, kupanda behewa la wanawake kwenye treni za mjini Mumbai, kitanda cha juu kwenye treni za usiku. Dada mmoja wa Kenya niliyekutana naye alivaa pete ya ndoa ya kununua sokoni. Mumewe alikuwa anabadilika kazi kila mji, mwisho akawa polisi.

Fundi Yamaha

😂😂 Polisi ndiye anayefaa safari ndefu.

Mvuvi wa Nchi Kavu

Kipande cha Amritsar, hiki nilikuwa na hamu nacho.

Kalasinga (watu wa dini ya Sikh) sisi tumewajua kwa gereji na malori. Basi mimi nikafika kwao kabisa, Punjab, kwenye Hekalu la Dhahabu. Ilikuwa Januari, ukungu huoni mtu wa hatua kumi, na sheria ya pale ni miguu mitupu, kichwa kufunikwa. Unavua viatu, unapita kwenye kijito kidogo cha maji kuosha miguu, unatokea kwenye marumaru baridi kama barafu ya Mwaloni. Katikati kuna bwawa, juu ya bwawa jengo la dhahabu, na taa zake zinaelea kwenye maji.

Kuna jiko linaitwa langar. Linalisha yeyote anayefika, usiku na mchana, bure, dini yoyote, ni desturi waliyoachiwa tangu enzi za Guru Nanak, mwanzilishi wa dini yao, karne tano nyuma. Mnakaa chini kwa mistari, tajiri na mpiga debe bega kwa bega, anapita mtu na ndoo ya dengu, mwingine na kapu la chapati. Chapati huinyakui, unapokea kwa mikono miwili. Ukishiba unainuka, safu nyingine inakaa. Wanakula watu makumi ya elfu kwa siku.

Na hapo, wakuu, kujitolea hakuna fomu. Hakuna ada ya usajili wala picha ya ukumbusho. Nilimaliza kula, nikafuata kelele. Kelele za sahani za stili zinarushwa kwenye beseni refu, mlio kama mvua ya mawe kwenye bati, hauishi. Nikasimama pembeni ya beseni kama mwehu. Mzee mmoja wa kilemba cha bluu hakuniuliza jina wala nchi, akasogea kushoto nafasi ya mtu mmoja. Nikakunja mikono. Sahani inapita kwenye sabuni, unaisugua na majivu, unaisukuma kwa wa kulia kwako, nyingine imeshafika. Saa tatu nzima. Vidole vikawa vyeupe. Nilipochoka nikajitoa, na kabla sijapiga hatua ya pili kijana mwingine ameshaingia pale pale, pengo halikuonekana.

Nikakumbuka yale maswali yangu mawili. Pale yalijibiwa bila mtu kufungua mdomo. Nikarudi siku tatu mfululizo.

Hapa Makoroboi nimepita kwenye hekalu la Wahindu toka nikiwa na kisado cha karanga kichwani, sijawahi hata kuchungulia mlangoni. Hilo limenitia aibu kidogo.

Kiboko Mpole

Sawa, naanza kuamini. Lakini niulize la mtu mzima. Umekwenda India kupanda miti, umekwenda kwa Kalasinga kuosha vyombo. Mwaka huu huu magugu maji yameshona pale Kigongo hadi vivuko vikahangaika, watu wa kwenu Sengerema wanalala ng'ambo. Ulitoa hata kilo moja? Au gugu la Mwanza halina picha nzuri?

mzee_wa_bwiru

Mjukuu ameuliza swali.

Mvuvi wa Nchi Kavu

Kiboko, umenipiga pabaya, na umenipiga kabla sijafika nilikokuwa nakwenda. Ngoja nikupeleke Nepal uone Mungu alivyo na utani.

Niliingia kwa mguu mpaka wa Sunauli, katikati ya Februari. Muhuri wa siku 90 ni dola 125, walitaka noti safi, yangu moja ilikuwa na mkunjo ikarudishwa. Ukivuka unasogeza saa mbele robo saa, sijui mtu gani alikaa akaamua robo. Kati yetu na Nepal ni saa mbili na dakika 45. Halafu nikaangalia kalenda ukutani, nikakuta kwao ni mwaka 2081. Nikampigia mama nikamwambia nipo mbele kwa miaka hamsini na kitu, akaniuliza kama bei ya mafuta imeshuka.

Sasa sikilizeni hili vizuri: Nepal visa ya utalii hairuhusu kazi, hata ya bure. Hosteli zinakupa kitanda kwa kufagia na kupokea wageni, na mwenye hosteli moja alinielekeza kabisa, "Wakija uhamiaji sema wewe mtalii." Nilimuuliza, wakinikamata unakuja kunitoa? Akacheka. Nikalipa kitanda changu.

Na Kathmandu nikaletewa lile jambo lenyewe. Kijana wa wakala mmoja akanipa ofa ya kufundisha Kiingereza kwenye kituo cha watoto, wiki tatu, nilipe dola 200 kwa wiki. Picha za watoto zimepangwa kwenye simu kama bidhaa. Nikamuuliza hao watoto wametoka wapi. Wilaya za mbali milimani. Wazazi? Akasema "yatima" halafu akageuza macho. Hili si siri, limeandikwa sana: watoto wengi kwenye vituo vya namna hiyo kule wana mzazi aliye hai, walichukuliwa kwa ahadi ya shule, na kinachovifanya vituo viendelee ni sisi wenye nauli na huruma. Australia ilipopitisha sheria yake ya utumwa wa kisasa mwaka 2018, hilo la kuwasafirisha watoto hadi vituoni lilikuwa limeshachunguzwa bungeni kwao. Nikamwambia kijana, ndugu yangu, mimi nimeendesha hiyo hiace miaka minne.

Nikaenda zangu Pokhara kupumzika. Pana ziwa, linaitwa Phewa. Wenyewe wanaliita ziwa, mimi nimenyamaza: halifiki hata kilomita za mraba 10, na letu ni 68,800. Lakini juu ya maji kuna mlima umesimama, Machhapuchhre, mita 6,993, na jina maana yake ni mkia wa samaki. Ni kweli, ukiuzungukia kwa upande wake kilele kimepasuka mbili, sangara mtupu. Ni mtakatifu, haupandwi. Waingereza walijaribu mwaka 1957 wakaishia karibu kabisa na kilele, baada ya hapo ukafungwa.

Asubuhi ya tatu nateremka ukingoni kunawa uso. Nini kinaelea mbele yangu, kijani, kina ua la zambarau?

Fundi Yamaha

Usiniambie.

Mvuvi wa Nchi Kavu

Magugu maji, Fundi. Yaleyale. Asili yake Amerika ya Kusini, kwetu yaliingia miaka ya 80 mwishoni, na huko milimani nayo yamefika. Lile gugu limenizidi kusafiri, tena halijawahi kuombwa tiketi ya kurudi.

Kule Jumamosi ndiyo siku ya mapumziko. Wenye mitumbwi, wauza chai, wanafunzi, wanashuka kuyatoa kwa mikono. Nikavua viatu nikaingia nao, hakuna aliyeniita. Nikaona wanavuta kutoka katikati ya tope zima, wanaumia bure. Nikawaonyesha tunavyofanya huku: anza upande yanakosukumwa na upepo, kata kipande kama mkeka, ligongegonge mizizi idondoshe maji ndipo ulivute, linakuwa nusu ya uzito. Mzee mmoja mwenye mtumbwi akanikabidhi panga lake. Kwa siku hiyo nilikuwa fundi. Nikawasimulia vile vijidudu vilivyoachiwa ziwani kwetu miaka ya 90 vikayala, na jinsi yalivyopungua kisha yakarudi. Wakaniuliza sasa kwenu nani anayatoa?

Kiboko, ni swali lako hilohilo, nimeulizwa nikiwa ndani ya maji hadi kiunoni, chini ya mlima wa theluji, kilomita maelfu kutoka Kigongo. Nikawaambia, "Watu wapo." Jibu kama lile la mvua inakuja.

Nilikwenda kila Jumamosi kwa wiki nane. Siku nyingine nililipa chumba, nikala wali na dengu mchana na usiku, nikatembea.

Kiboko Mpole

Haya mkuu, nimekaa chini.

Binti Ukerewe

Na Malaysia?

Mvuvi wa Nchi Kavu

Malaysia sina mengi. Ila kuingia ndiko kulikonitoa jasho. Pale Kathmandu dada wa kaunta ya ndege aliniambia Mtanzania lazima awe na visa. Nikamwambia hapana, siku 30 bure. Akaita bosi, bosi akaita simu, foleni nyuma yangu inaguna. Mwisho wakakuta kweli bure, lakini lazima tiketi ya kutoka, na mimi sikuwa nayo, nilidhani nitanunua kulekule kwa bei nafuu. Nikanunua palepale kwa simu, kwa bando la mtu wa nyuma yangu, ya Kuala Lumpur hadi Dar kupitia Ghuba. Ilikuwa milioni moja na ushee na ndiyo hesabu iliyoniumiza kuliko zote. Funzo lake kwenu: tiketi ya kutoka muwe nayo mkononi, na ile fomu ya kuingia Malaysia mjaze mtandaoni ndani ya siku tatu kabla ya kufika.

Nilikaa Penang, sikujitolea popote kwa sababu muhuri hauruhusu, nikala tambi za kila aina na samaki. Samaki, wakuu! Siku ya kwanza nilikula watatu.

Nimefika Mwanza siku chache baada ya tarehe 19 Juni 2025, siku lilipozinduliwa daraja la Kigongo hadi Busisi. Niliondoka kwa pantoni, nimerudi kwetu Sengerema juu ya daraja, kilomita 3, konda hajamaliza kugawa chenji tumeshatua Busisi. Nilitaka kushuka niangalie magugu kwa chini, dereva akaniambia hapasimamwi.

Dada wa Nyegezi

Kaka, na yule mtoto wa siti ya mbele? Ulipita kituoni?

Mvuvi wa Nchi Kavu

Nilipita wiki iliyopita. Hayupo. Bibi yake alikuja kumchukua mwaka juzi, wako Geita. Kumbe bibi alikuwepo siku zote, alikosa nauli na mtu wa kumwandikia barua.

Binti Ukerewe

Jamani.

Kiboko Mpole

Mkuu, Jumamosi upo Mwaloni? Nakuja kuona mihuri.

Mvuvi wa Nchi Kavu

Nipo. Njoo kabla ya saa tatu asubuhi, dagaa wa Jumamosi hawakai. Na uje na viatu vya maji, mchana tunapanda gari la Kigongo.

Kiboko Mpole

Nani "tunapanda"?

Fundi Yamaha

Mimi na panga langu nipo.